Moto wa Septemba Huzimwa Juni

Anayetoka Lindi kwenda Masasi huanza kuuona uwanda wa Makonde upande wa kushoto, akishapita Mtama na Nyangao. Kwa mbali ni mstari mrefu wa bluu iliyofifia juu ya bonde la Lukuledi. Basi likifika Nanganga, penye njia panda ya Ruangwa, mstari umeshakuwa mlima. Ndanda, kwenye abasia ya Wabenediktini na hospitali yao, mteremko umesogea kiasi cha kuweza kuitofautisha miti yake mmoja mmoja. Chemchemi za Ndanda hutoka hapo chini. Mvua inayonyesha juu hunywewa na mchanga wa uwandani, ikazama, ikaja kutokeza bondeni. Nalitanguliza jambo hilo kwa sababu mengi nitakayosimulia yanatokana nalo: wenye mashamba juu wana ardhi, wana upepo, wana mikorosho, lakini maji yao yako chini.

Nilikuwa natokea Kilwa. Huko, katika vijiji kama Kikole, Kisangi na Nanjirinji, kamati za maliasili zimekuwa zikisimamia misitu ya vijiji vyao kwa msaada wa shirika la MCDI, ambalo watu wengi wanalifahamu kwa habari za mpingo. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, cha FSC, na vijiji vikaanza kuuza magogo kwa bei yao vyenyewe badala ya kuyaona yakiondoka usiku. Mimi nilikwenda kwa ajili ya moto. Wanakijiji wa Kilwa huuchoma msitu wao kwa makusudi, mapema, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, ili moto mkali wa Septemba ukija usikute cha kula. Nilipowasifia, mzee mmoja mwenyeji wa Masasi aliyehamia Kilwa Masoko akanikatiza. "Mwanangu, hayo ni ya hapa. Nenda kwetu Chiwata. Kule ukichoma kama hivi, umechoma urithi wa mtu."

Ndiyo sababu nikaja Chiwata, na nikaja Juni. Mwezi huo nyasi za kusini zina rangi mbili: mashina bado kijani, vichwa vimeshaanza kuwa na rangi ya majani makavu. Ukitaka kujua kijiji kimejiandaaje na moto, usiende Septemba. Septemba utaona moto tu na watu wanaokimbia.

Chiwata iko kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda, ndani ya wilaya ya Masasi, mahali ambapo ardhi tambarare ya juu inakatika na kuwa vilima na makorongo. Nilishuka kwenye barabara kuu, nikapanda bodaboda. Kijana aliyenibeba alikuwa na haraka, lakini kila tulipopita shamba alipunguza mwendo aniambie la nani. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa vichipukizi vyekundu ambavyo baada ya wiki chache vingebeba maua. Chini ya baadhi ya miti udongo ulikuwa mweupe, umefagiwa kama ua wa nyumba. Chini ya mingine majani makavu yalikuwa yamelala tabaka juu ya tabaka, na katikati yake nyasi zilizofika kiunoni. "Hilo la mtu wa Dar, dada," alisema kijana. Tukaenda kidogo. "Na hili la mtu wa Dar." Nilianza kuyahesabu kichwani mashamba ya watu wasiokuwapo, kisha nikaacha, maana yalikuwa mengi.

Jina la Chiwata limo katika vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma mpaka vilima hivi, likaviacha Novemba, na tarehe 25 mwezi huo likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nimezisoma habari hizo nikiwatafuta waliokuwa wakilima hapa, nikakuta zaidi hesabu za bunduki na wapagazi. Kwa maisha ya wenyeji msaada mkubwa zaidi niliupata kwa Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906. Yeye aliona vichaka vizito vya Wamakonde na akaandika jinsi maji yalivyofuatwa mbali, chini ya mteremko. Hadithi ya asili ya Wamakonde nayo ina neno juu ya hilo. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Watoto wao waliozaliwa karibu na maji hawakuishi. Aliyezaliwa juu, vichakani, ndiye aliyeishi. Wazee wakausia watu wakae juu, mbali na mabonde yenye maradhi. Vichaka hivyo vilikuwa pia ngome dhidi ya wavamizi na wafanyabiashara wa watumwa.

Kwa hiyo watu walichagua uhai, na bei yake ikawa kiu. Mradi wa maji wa Makonde, ambao chimbuko lake ni miaka ya 1950, unasukuma maji kutoka mabondeni kwenda juu, na umepunguza sana mwendo wa akina mama. Lakini ndoo ni ya kunywa na kupikia. Hakuna mwenye akili atakayeimwaga ndoo hiyo kwenye nyasi zinazowaka, na hata akiimwaga haitatosha. Moto wa huku hupigwa kwa matawi mabichi, kwa jembe, kwa mchanga, na mara nyingine kwa moto mwenzake unaowashwa mbele yake ukakutane nao. Silaha zote hizo ni dhaifu mbele ya ndimi zilizokwisha kupanda juu ya mkorosho. Na kimiminika cha ganda la korosho kila aliyebangua kwa mkono anakijua: kinaunguza ngozi, na kikipata moto kinawaka kwa kishindo.

Mkutano niliohudhuria ulifanyika katika kijiji kimoja cha kata ya Chiwata, chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji. Walikuwapo mwenyekiti na mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa kamati ya maliasili, watu wa chama cha msingi cha ushirika, na wakulima wengine waliokuja kusikiliza. Mabibi walikaa upande wenye kivuli kizuri zaidi, na hilo lilinipendeza. Ajenda ilikuwa moja: barabara ya moto ya mwaka huu, yaani ukanda unaosafishwa ili moto usivuke, ipite wapi, na nani afyeke kipande gani.

Mtendaji alianza na sheria, kama inavyompasa. Alisema Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na maamuzi makubwa ni ya mkutano mkuu. Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua msitu wa kijiji, na inakataza kuchoma mimea ovyo bila ruhusa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakitaka kijiji kijipangie: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa hifadhi. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha mwenyekiti akainuka, akachukua jivu kwenye kopo, akaanza kuchora kijiji chini.

Nimeona ramani nyingi za mipango ya ardhi zikiwa zimebandikwa kwenye kuta za ofisi, na rangi zake zimepauka kwa jua. Ile ya jivu ilikuwa hai. Jivu lilikuwa barabara. Mawe yakawa nyumba. Vijiti vibichi vikawa mikorosho, vikavu vikawa pori. Mzee mmoja alisogeza jiwe lake kwa mguu kidogo, akasema nyumba yake haiko pale. Mwenyekiti akachora mstari wa barabara ya moto ukifuata njia ya gari, kwa kuwa njia ya gari tayari ni wazi na ingepunguza kazi.

Hapo bibi mmoja akaomba neno. Alisimama taratibu, akaingia katikati ya ramani kwa miguu mitupu akiangalia asikanyage mawe ya watu. "Mmechora njia ya gari," alisema. "Moto haupiti njia ya gari. Moto unapita njia yetu ya maji." Akaonyesha kwa fimbo korongo lililoachwa tupu, lisilo na jiwe wala kijiti. Alieleza kwamba nyasi za pale ni ndefu kuliko za kokote, kwa sababu pana unyevu mpaka Mei. Na kwamba hakuna anayezifyeka, kwa sababu si shamba la mtu. Upepo wa kusi ukivuma unapanda lile korongo kutoka chini, na moto hupanda nao.

Pakawa kimya. Kisha mabishano, na yalikuwa mazuri. Wenye mashamba walikuwa wamejipanga kulinda mashamba yao, kila mmoja kwake, lakini njia za moto ziko katikati ya mashamba, mahali ambapo kila mtu anadhani ni pa mwingine. Hilo ndilo hasa linalohitaji chama, kamati, au jina lolote mtakalokipa kikao cha watu wanaokaa chini na kugawana kazi. Mkulima peke yake anaweza kusafisha chini ya miti yake mpaka pang'ae. Korongo lisilo na mwenyewe hawezi kulifanya kitu, na moto utakuja kwa huko.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu liliwahusu vijana. Watu wa Masasi na Newala wanawinda panya wa porini, ambao huku huitwa samaki nchanga, na ni kitoweo cha heshima. Nyasi zikiwa ndefu mashimo hayaonekani. Kijana anawasha kiberiti, nyasi zinaungua, mashimo yanabaki wazi. Kila mwaka baadhi ya mioto inayoteketeza mikorosho huanza hivyo. Mingine huanza kwa warina asali wanaofukiza mizinga, mingine kwa wachoma mkaa, mingine kwa mkulima anayeandaa shamba jipya la ufuta au mbaazi na upepo ukamgeukia. Lakini siku ile ilikuwa zamu ya wawindaji. Wazee wawili walitaka faini kali na kupigwa marufuku.

Kijana mmoja aliyekuwa amechuchumaa nyuma alisimama. "Shikamooni wazee," alisema, akasubiri waitikie. "Sisi hatupendi moto. Tunawasha kwa sababu ya nyasi. Mkitupa lile korongo la bibi tulifyeke sasa hivi, mashimo tutayaona bila kiberiti. Ila mtuachie tuwinde pale sisi, tusifukuzwe na wenye mashamba ya jirani." Mwenyekiti alimwuliza wako wangapi na kama wana mapanga. Wakajadiliana mpaka jua likasogea. Mwishowe ikakubaliwa: vijana watafyeka korongo kabla ya Julai kwisha, upana wa hatua walizopima hapohapo mbele ya wote, na haki ya kuwinda humo itakuwa yao msimu mzima; atakayekutwa na kiberiti porini, wenzake ndio watakaomleta mbele ya halmashauri. Mtendaji aliandika kwenye daftari.

Nasema wazi kwamba sijaona kipengele cha sheria ndogo kilichonifurahisha kama kile. Faini huja baada ya majivu. Mapatano yale yalimwondolea kijana sababu ya kuwasha, na yalimfanya mlinzi wa mahali palepale alipokuwa akiwasha.

Wafugaji hawakuwapo. Katika miongo ya karibuni makundi ya ng'ombe yamefika mikoa ya Lindi na Mtwara kutoka kaskazini na magharibi, hasa baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Wao nao wanawasha ili nyasi changa zichipue. Walitajwa mara nyingi pale mwembeni, kila mara kwa kulaumiwa, na hakuna aliyetumwa kuwaita. Kama korongo lilihitaji bibi anayelijua, na panya wakahitaji kijana anayewawinda, basi malisho nayo yanahitaji mfugaji akae chini ya ule mwembe na kiwekwe kijiti chake kwenye ramani. Nilimwambia mwenyekiti hivyo baada ya kikao. Alisema watatafutwa. Natumaini wametafutwa.

Jioni mzee mwenyeji wangu alinieleza habari za mipango mingine, ile ya zamani. Alikuwa kijana wakati wa Operesheni Vijiji. Kabla ya hapo watu waliishi wametawanyika, kila ukoo katikati ya mikorosho yake. Ukiamka asubuhi unafagia chini ya mti wako ukiwa bado na usingizi. Miaka ya 1973 na 1974 wakaambiwa wahamie kwenye vijiji vilivyopangwa, barabarani, ili wapate shule, zahanati na maji. Shule zilikuja, naye mwenyewe ni shahidi, wanawe wamesoma. Lakini mikorosho haikuhama. Ilibaki ilipo, saa kadhaa kwa miguu. Majani yakarundikana, nyasi zikaota, na moto ukapata chakula ambacho haujawahi kupata. "Shamba la baba yangu liliungua mara tatu," alisema. "Mara ya tatu sikwenda hata kulitazama."

Takwimu za nchi zinasimama pamoja na mzee huyu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu ni nyingi: bei mbaya kwa mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga ulioshika mashamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mpaka watafiti wa kituo cha Naliendele wakatufundisha salfa na miche bora. Lakini mashamba yaliyotelekezwa na moto ulioyafuata vimo katika orodha hiyo, na wazee wa huku huvitaja kwanza. Mpango uliochorwa bila mwenye mti uliondoa mtu aliyekuwa ndiye kinga ya mti. Zao limefufuka tangu hapo. Msimu wa 2017/18 tani zilivuka 300,000.

Nilipokuwa namsikiliza nilikumbuka Lahaina, mji wa pwani katika kisiwa cha Maui, Hawaii. Agosti 2023 moto ulioshuka na upepo ulikula mji ule na kuua watu zaidi ya 100. Juu ya mji kulikuwa na ardhi iliyokuwa mashamba ya miwa. Kiwanda cha sukari cha hapo kilifungwa mwaka 1999, miwa ikaachwa, nyasi ngeni zikashika nafasi yake, zikawa zinakauka kila kiangazi bila mwenyewe. Bahari ilikuwa hapohapo, na haikuwaokoa. Nilimsimulia mzee. Alitikisa kichwa, akauliza kama kulikuwa na kikao chochote cha kuzungumzia zile nyasi kabla. Nikamjibu kwamba wataalamu walikuwa wameonya miaka mingi.

Kesho yake nilifuatana na akina mama waliopewa kipande cha kwanza cha barabara ya moto. Kilikuwa upande wa kusini-mashariki wa mashamba, kwa kuwa kusi huvuma kutoka huko na moto mkubwa huletwa nao. Walilima wakiwa wamejipanga mstari mmoja, majembe yakikwangua nyasi mpaka mchanga ukabaki mtupu, na majani yote yakivutwa kuelekea upande wa nje, kamwe si wa ndani. Nilishika jembe nami. Mama aliyekuwa kulia kwangu alinionyesha nisiache hata mizizi ya nyasi juu juu, kwani moto hutambaa humo taratibu na kuibukia ng'ambo watu wakishalala. Walizungumza kuhusu unyago wa binti wa mmoja wao, bei ya sukari, na mtoto aliyefaulu kwenda sekondari Ndanda.

Hapa ndipo maneno ya yule mzee wa Kilwa Masoko yalipopata maana. Kilwa, kwenye misitu ya miombo, miti imezoeana na moto mwepesi. Ukichoma mapema, jioni, upepo ukiwa umetulia na umande unakaribia, nyasi zinapungua na mpingo mchanga hauumii. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio unaoutoboa moyo wa mpingo, na gogo lenye moyo uliotoboka halifai kutengenezea zumari wala klarineti. Wenyeji wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, wanafanya vivyo hivyo, na tangu 2006 wamekuwa wakilipwa kwa hewa chafu wanayoizuia kwa kuchoma mapema kama walivyofanya babu zao. Ni maarifa makubwa. Lakini vichaka vya uwanda wa Makonde si miombo. Mimea yake haikuzoea moto, wa mapema wala wa kuchelewa. Ukiunguza kichaka leo, mahali pake panaota nyasi, na nyasi ndizo mwaliko wa moto wa mwakani. Na mkorosho wenye vichipukizi Juni hauhitaji hata kuguswa na ndimi; joto tu linatosha kukausha maua ya mwaka mzima. Kwa hiyo Chiwata kinga ni jembe na fagio. Kule chini kwenye miombo ya bondeni wanaweza kuchoma mapema, na kamati imeruhusu hilo kwa ratiba. Anayeleta mpango mmoja kwa pwani yote, kutoka ofisini, atasaidia huku na kuangamiza kule.

Uzuri wa kazi ya fagio ni kwamba inalipwa mara mbili. Korosho huokotwa chini, haichumwi mtini. Shamba lililosafishwa kwa ajili ya moto Juni ndilo litakaloonyesha korosho zilizodondoka Oktoba. Akina mama wanajua hesabu hiyo bila kuambiwa na mtu.

Tatizo ni yale mashamba ya watu wa Dar. Wajane na wazee wasio na nguvu wamewekewa utaratibu: kitongoji kinawafyekea kwa ujima, mwenye shamba anapika uji. Lakini mwenye miti mia mbili anayeishi Mbagala au Mtwara mjini, ambaye huja mara moja kwa mwaka wakati wa mnada, hana jirani anayejisikia kumfyekea. Na moto ukiingia kwake unapata nguvu ya kuruka barabara yoyote ya moto. Katibu wa chama cha msingi alikuwa na wazo ambalo naliona ni la busara. Wakulima wa korosho wamesajiliwa ili wapate pembejeo, na mauzo hupitia ushirika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza 2007. Maana yake, kila shamba lina jina na kila jina lina namba ya simu. Kamati ya maliasili inajua shamba chafu liko wapi. Ushirika unajua ni la nani. Vyombo hivi viwili vimekaa miaka yote hatua chache kimoja kutoka kwa kingine bila kuonyeshana madaftari.

Walianza kupiga simu siku hiyohiyo. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Shikamoo baba. Tunakupigia kuhusu mikorosho yako... Hapana, haijaungua. Ndiyo maana tunakupigia sasa."

Kwenye televisheni tunaliona Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba yake, 114, watoto wanaifahamu. Wanafanya kazi ya heshima mijini. Lakini hakuna gari la zimamoto litakalofika kwenye korongo la Chiwata kabla moto haujamaliza. Hata Kilimanjaro, Oktoba 2020, mlima unaojulikana dunia nzima, mamia ya watu walipanda na kupiga moto kwa matawi, na zaidi ya kilomita za mraba 90 ziliungua. Kama mlima ule ulihitaji matawi na mikono ya watu, kijiji hakina la kungojea.

Nilipanda kwenda Newala kwa barabara iliyokuwa ikijengwa kuunganisha Mnivata, Tandahimba, Newala na Masasi. Kando ya njia, udongo uliochimbwa ulikuwa umeacha mkanda mpana mtupu, na dereva akasema kwa furaha kwamba hiyo nayo ni barabara ya moto. Ni kweli kwa kiasi. Barabara ya lami italeta pia wapita njia, vipisi vya sigara, na watu wa kununua ardhi kando yake. Ingefaa wahandisi waingie kwenye ile ramani ya jivu kabla hawajaondoka.

Newala nilikaa na wakulima wawili na mwanamke mmoja mjumbe wa bodi ya chama cha msingi. Yeye alikuwa na hoja inayohusu fedha. Mapanga, buti, filimbi, chakula cha wanaofyeka, mafuta ya pikipiki ya doria ya Septemba: vyote sasa vinatoka mifukoni mwa watu au havitoki kabisa. Msimu wa 2024 bei ya mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Alitaka kila kilo ikatwe kiasi kidogo sana kwa ajili ya moto. Mkulima mmoja alikataa palepale. Alisema makato yamewachosha. Kila mwaka linaongezwa moja, na hakuna anayerudi kuwaonyesha lilikokwenda. Yule mama hakumbishia. Alisema ndiyo maana anataka fedha hiyo isiondoke kijijini: ikae akaunti ya kijiji, isainiwe na mtu wa kamati na mtu wa ushirika pamoja, na mahesabu yasomwe chini ya mti, mbele ya waliofyeka.

"Na wa Dar naye akatwe?" aliuliza mkulima.

"Wa Dar ndiye wa kwanza."

Mkulima alifikiri, akasema kwa sharti hilo angeweza kusikiliza. Mimi niko upande wa yule mama, na nilimwambia hivyo. Hoja ingepelekwa kwenye mkutano mkuu wa chama, na alikuwa akizunguka vitongojini kutafuta watu wa kuiunga mkono kabla ya mnada wa kwanza.